Ndege Iliyoanza kwa Kurudi Nyuma

Msusi alikuwa amefika nyuma ya sikio la kushoto la mteja wake simu ilipolia. Hakuipokea. Kichwa kilichosukwa nusu hakiachwi, na mteja mwenyewe, mwalimu wa chekechea, alikuwa amekwisha kulalamika kwamba anachelewa. Simu ikanyamaza, ikalia tena, ikanyamaza, ikalia tena.

"Pokea tu, dada," mteja akasema. "Anayepiga hivyo hapigi kwa kusalimia."

Namba ilikuwa ndefu, ya nje ya nchi. Msusi aliibana simu kati ya bega na shavu, vidole vikiendelea na kazi. Sauti ya mwanamke ikauliza kama huyo ndiye dada yake Kitinda.

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Mimi nafanya naye kazi huku, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Tunalala chumba kimoja. Dada, naomba unisikilize mpaka mwisho."

Vidole vikasimama. Kitinda, kitinda mimba wa nyumba yao, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume wiki iliyopita. Mimba aliificha chini ya aproni pana za kazini mpaka mwezi wa mwisho. Baba wa mtoto alikuwa ameshahamia kazi nyingine na namba nyingine ya simu. Baada ya kujifungua damu yake iliingia sumu, akapasuliwa, na sasa alikuwa chumba cha wagonjwa mahututi, hajui kumekucha wala kumekuchwa. Mtoto alikuwa mzima, wodi ya watoto, lakini hospitali si nyumba ya mtu.

"Wamesema Ijumaa ofisi ikifungwa hajatokea ndugu wa damu, mtoto anapelekwa kituo cha watoto nje ya mji. Akishaingia huko ni mambo ya mahakama, dada. Miezi na miezi. Mimi nimewadanganya kuwa ni ndugu yake, wakataka hati, sina."

"Niongee nao kwa simu?"

"Hawataki simu. Wanataka ndugu aliyekuja kwa miguu yake."

Hiyo ilikuwa Jumatatu asubuhi. Msusi alimalizia kichwa cha mwalimu mpaka unywele wa mwisho, akapokea ujira wake, akafagia, akafunga mlango. Mtu akimuuliza leo alisukaje mistari ile ikanyooka, hawezi kumjibu.

*

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mumewe, na mama yake mzazi ambaye nyumba nzima ilimwita Bi Mkubwa. Mume alikuwa fundi wa friji. Wateja walimpa jina la Baridi, naye akalipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Msusi aliwaeleza wote wawili sebuleni, amesimama, bado ana vibanio vya nywele kwenye pindo la blauzi.

Bi Mkubwa alikuwa akikunja nguo zilizokauka. Hakuacha kukunja. Alilaza shati la Baridi juu ya mapaja, akalinyoosha kola, akalikunja, akaliweka juu ya mengine.

"Mficha uchi hazai," akasema mwishowe. "Ndivyo tulivyofundishwa. Huyu wangu kaficha na kazaa."

Baridi alitaka kucheka, akauona uso wa mkewe, akakohoa.

"Mama, Kitinda anaumwa," Msusi akasema. "Anaumwa sana."

"Nimesikia. Miezi mingapi hajapiga simu? Mimi nikitoka hapo nje nawaambia watu mwanangu yuko mbali, ni msimamizi wa hoteli, kazi zimembana. Kumbe kilichombana ni kingine."

"Hakuwahi kuwa msimamizi, Mama. Anafua mashuka."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua la mashuka tu."

Bi Mkubwa akachukua nguo nyingine. "Haya. Utafanya nini sasa? Yeye yuko huko, sisi tuko huku. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Ndiyo maana nataka niende. Nisiwe fimbo ya mbali."

Hapo ndipo Bi Mkubwa aliposema neno ambalo baadaye angetamani kulimeza. Alimtazama binti yake mkubwa machoni, akauliza taratibu, "Niambie kweli. Unamkimbilia mdogo wako, au unakimbilia mtoto?"

Msusi na Baridi walikuwa na ndoa ya miaka tisa na hawakuwa na mtoto. Walikuwa wamezunguka hospitali zote za mji, wamemeza walivyoambiwa wameze, kisha wakanyamaza, na watu wa nyumbani wakanyamaza pamoja nao. Sasa mama yake mwenyewe ndiye aliyeufunua mfuniko.

"Huyo mtoto haingii humu ndani," Bi Mkubwa akaendelea, kama mtu aliyeanza kuteleza na hawezi tena kusimama, "mpaka mama yake anieleze kwa mdomo wake mwenyewe."

"Mdomo wake una mpira wa kupumulia, Mama," Msusi akasema, akatoka nje.

Baridi alimkuta uani, ameegemea jokofu bovu la mteja. Akasimama kando yake, naye akaegemea.

"Mama kakuumiza."

"Kaniuliza. Na mimi najiuliza."

"Na jibu?"

"Sijui. Nitalijua nikifika."

Baridi alikwangua kutu ya mlango wa jokofu kwa ukucha. "Basi ufike," akasema. "Pasipoti unayo."

Alikuwa nayo kweli. Chama cha wasusi kiliwahi kuwaandaa wanachama kwenda mashindano nje ya nchi. Safari ikayeyuka mikononi mwa mweka hazina, zikabaki pasipoti. Ya Msusi ilikuwa haijawahi kugongwa hata muhuri mmoja.

*

Dada wa tiketi aliwageuzia kioo cha kompyuta ili waone.

"Huu hapa ni mji wetu. Na huu, huku kabisa, ndio mji wa mdogo wako." Akabonyeza. Mstari mwembamba ukachoreka kutoka nukta hadi nukta, umejikunja kidogo kama unyusi. "Kilomita elfu saba na ushee. Ndege ya moja kwa moja inakwenda masaa tisa. Unakula, unalala, umefika. Viza wanagonga pale pale uwanjani, mradi una tiketi ya kurudi."

"Bei?" Baridi akauliza.

Dada wa tiketi hakuitamka. Aliielekeza kwa ncha ya kalamu. Baridi akavua kofia, kama mtu anayepita mbele ya msiba.

"Iko ya nafuu," dada akasema haraka. "Ila inazunguka. Ndege tatu. Ukijumlisha na kungoja, ni siku moja na nusu."

Mstari wa pili ukatokea. Msusi akasogeza uso. Mji wa mdogo wake ulikuwa mashariki, lakini mstari huu ulitoka pale walipo ukashika njia ya magharibi, ukafika mji mwingine, ukapanda kaskazini, ndipo ukageuka.

"Mbona inarudi nyuma?"

"Ndiyo unafuu wake, dada yangu."

"Yaani," Baridi akasema, "mwenye nacho analipa zaidi ili asafiri kidogo, na asiye nacho anasafirishwa dunia nzima kwa bei ya chini."

"Mimi nauza tu, kaka."

Hata hiyo ya nafuu haikuwa ya mchezo. Akiba yao na alichokopa Baridi kwa mwenye bucha havikutosha. Jioni ile Msusi alivuka barabara hadi saluni iliyotazamana na yake. Mwenye saluni hiyo alikuwa akimwibia wateja kwa miaka minne. Msusi akamuuliza kama bado anazitaka zile draya mbili za kusimama, alizozisifu siku moja kwa kijicho.

"Unafunga?" mwenzake akauliza, na furaha ikamtoka kabla hajaizuia.

"Nasafiri."

"Ukirudi utakaushia nini?"

"Nitawapepea."

Mwenzake akacheka, kisha akaona kwamba Msusi hacheki. Akatoa bei ya kuumiza. Msusi akasimama pale pale bila kusema neno, akamtazama anavyopangapanga rangi za kucha, mpaka bei ikapanda yenyewe. Walibeba draya kuvuka barabara mchana kweupe, Baridi mbele, yeye nyuma, na wateja waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi ya pande zote mbili wakaangalia kama wanaona jeneza.

Jumatano mchana teksi ilipokuja, Bi Mkubwa alikuwa bafuni anaoga. Msusi akagonga mlango. "Mama, naondoka." Maji yakaendelea kumwagika. Akangoja, akagonga tena. Bi Mkubwa alioga mpaka teksi ikaondoka.

*

Kwenye ukaguzi walimnyang'anya kitana chake chenye mkia wa chuma, kile cha kugawia mistari. Askari wa kike alikiinua mbele ya watu kama kisu. "Hiki cha nini?" Msusi akamweleza. Askari akakitupa kwenye pipa, na Msusi akaona uchungu kuliko alivyouona kwenye draya, kwa kuwa kitana kile kilikuwa mkononi mwake tangu siku ya kwanza ya kazi.

Ndege ya kwanza ikampeleka magharibi. Jua lilikuwa mbele yao muda wote, likigoma kuzama. Kila alipotazama dirishani alijua kwamba kila wingu wanalolipita linamwongezea umbali na Kitinda. Alijikaza. Mtu aliyeketi kando yake akamfundisha kufunga mkanda, na baadaye kufungua mlango wa choo. Aliposema asante, yule mtu akaanza kuzungumza naye taratibu na kwa sauti kubwa, kama anaongea na kiziwi. Akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na nguvu za kugombana na mtu angani.

Mji wa kwanza aliupita akiwa ameketi kwenye kiti cha chuma, mkono kautia kwenye mkanda wa mkoba. Ndege ya pili ilitakiwa iondoke Alhamisi asubuhi. Asubuhi ikaja, ndege haikuja. Ubao ukasema ingojwe. Ukasema tena ingojwe. Ilipopaa jua lilikuwa limeshavuka utosi, na alipotua mji wa pili, uwanja mkubwa kama wilaya, alikimbia na viatu mkononi mpaka kwenye mlango wa ndege ya tatu. Akakuta watu wanafunga kamba.

"Imeondoka," wakamwambia.

Kwenye kaunta ya kampuni ya ndege alikaa kijana mwanamume aliyenyoa vizuri. Kiingereza cha Msusi kilikuwa cha kuombea maji, lakini maji ndiyo aliyokuwa akiyahitaji.

"Ndege nyingine kesho jioni," yule kijana akamwambia. "Utafika Jumamosi. Tunakupa chumba, tunakupa chakula."

"Jumamosi hapana. Ijumaa."

"Hakuna, mama. Imejaa. Tafadhali, watu wanangoja nyuma yako."

"Mimi pia nangoja."

Watu wa nyuma wakaguna. Mmoja akamsukuma kidogo na sanduku lake, kisha tena, si kidogo. Msusi alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, mikono ya mtu anayevuta nywele kutoka asubuhi hadi jioni, na hakusogea. Akatoa simu, akafungua picha ambayo mwenzake Kitinda alimtumia: kitoto kimefumba macho, ngumi imebana kidevuni. Akaiweka juu ya kaunta.

"Huyu mtoto wa mdogo wangu. Mama mgonjwa sana. Ijumaa mimi sijafika, wanachukua. Nyinyi mmechelewa. Si mimi. Mimi nilikuwa hapo asubuhi. Nyinyi."

"Mama, naelewa, lakini..."

"Kama unaelewa, piga simu."

"Nimpigie nani?"

"Mkubwa wako."

Kijana akamtazama, akatazama foleni, akapiga simu, pengine ili aondokane naye. Akaja mwanamke wa makamo, koti limebana mabega. Msusi akaanza upya, picha, hospitali, Ijumaa, nyinyi si mimi. Hakulia. Alihisi akilia watampa maji na kiti, na akishakaa hatasimama tena. Yule mwanamke akasoma tiketi, akauliza swali moja au mawili, akaingia nyuma ya kaunta akaanza kubonyeza. Alibonyeza kwa muda mrefu. Foleni ikahamishiwa kaunta nyingine kwa manung'uniko.

"Iko kampuni nyingine," akasema mwishowe. "Inaondoka alfajiri. Inapitia mji mmoja zaidi. Utafika Ijumaa mchana, kama Mungu akipenda. Kiti ni cha katikati, karibu na choo."

"Hata juu ya choo," Msusi akajibu kwa Kiswahili, na yule mwanamke akatabasamu kama aliyeelewa.

*

Ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa ndani ya hospitali yenyewe, ghorofa ya chini, mwisho wa korido inayonuka dawa ya kusugulia sakafu. Kwenye benchi la mlangoni alikuwa ameketi mwanamke mwenye sare ya bluu ya wafuaji, yule aliyepiga simu, miguu kainyoosha mbele kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuingia wala kutoka bila kumruka. Alikuwa hapo tangu asubuhi. Kila walipotaka kumwondoa aliwaambia ndugu yuko angani, na kwamba mtu aliye angani haachwi.

Alipomwona Msusi anakuja anachechemea, uso umevimba kwa kukosa usingizi, alimjua papo hapo kwa paji la uso.

"Umefanana naye mpaka inatisha," akasema. Wakakumbatiana upesi upesi, kisha akagonga mlango kwa kiganja chote.

Ofisa alikuwa mwanamume mpole, mwenye miwani, aliyekwisha kuvaa koti la kurudi nyumbani. Akalivua. Akachukua pasipoti, akachukua cheti cha kuzaliwa cha Msusi na picha ya cheti cha Kitinda, akalinganisha jina la mama katika vyote viwili. Mfuaji akatafsiri.

"Anasema kweli wewe ni ndugu. Anasema umechelewa kidogo, lakini gari la kituo halijaondoka." Akasikiliza tena. "Anasema njia rahisi ni hii: utie saini kwamba unamchukua mtoto uwe mlezi wake kisheria. Wiki ijayo unaweza kusafiri naye. Mdogo wako atabaki mpaka apone, halafu mambo yake ya kazi na vibali yatafuata baadaye."

"Mtoto awe wangu?"

"Ndivyo karatasi inavyosema. Wako."

Kalamu ilikuwa mezani. Msusi aliitazama. Hapo ndipo swali la Bi Mkubwa lilipomfikia, lile alilosema atalijua jibu lake akifika. Aliwaza kitoto kile kimelala kwenye chumba chao, kati yake na Baridi. Aliwaza Kitinda anaamka kitandani, anauliza, anaambiwa: dada yako alikuja, akamchukua, akaenda. Moyo ulimwenda mbio, na hakuona haya kwamba ulimwenda mbio.

"Mwambie sikuja kuchukua mtoto," akasema. "Nimekuja kuchukua watu wawili. Nitakaa hapa mpaka mama yake asimame. Mtoto nitamshika mimi, lakini kwenye karatasi abaki wa mama yake. Aitafute karatasi ya namna hiyo."

Mfuaji akatafsiri. Ofisa akavua miwani, akaifuta, akasema maneno mengi.

"Karatasi hiyo ipo, ila ina kazi zaidi. Lazima athibitishe kuna nyumba itakayowapokea wote wawili, mama na mtoto. Aongee na mtu wa nyumbani kwa simu ya picha. Sasa hivi."

Msusi akampigia Baridi. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Akakumbuka: nyumbani bado ilikuwa asubuhi, na Ijumaa asubuhi ni siku ya chumba cha barafu cha mwenye bucha, kuta nene za bati na povu, simu haishiki humo hata kwa dawa. Ofisa akaangalia saa ya ukutani kwa heshima.

Ilibaki namba moja. Msusi akaipiga.

Uso wa Bi Mkubwa ukajaa kiooni, karibu mno, jicho moja na nusu ya pua.

"Nani?"

"Mimi, Mama. Nimefika."

"Naona. Umevimba."

"Mama, kuna ofisa hapa. Anataka kuuliza jambo moja tu, na jibu lako ndilo..." Akamtazama ofisa. "Ongea naye, Mama."

Mfuaji akaichukua simu, akaishika katikati ili pande zote zionekane. Ofisa akauliza, na mfuaji akageuza kwa Kiswahili: je, katika nyumba hiyo, mtoto huyu na mama yake wana nafasi?

Bi Mkubwa akairudisha simu nyuma kidogo, uso wote sasa ukaonekana, na kitambaa cha kichwani kimefungwa upande.

"Anayeuliza ana watoto?"

Mfuaji akasita. "Mama, yeye ni ofisa..."

"Sikuuliza cheo. Muulize."

Akaulizwa. Ofisa, kwa mshangao, akainua vidole viwili.

"Haya. Mwambie mmoja wao akipotea njia akaanguka huko aangukako, kisha mtu akamuuliza yeye kama nyumbani kuna nafasi, atajibu nini? Asiniulize mimi jibu ambalo analo mwenyewe."

Mfuaji alitafsiri polepole. Ofisa akainamisha kichwa, lakini kalamu bado ilikuwa hewani.

"Mama," Msusi akasema kutoka pembeni, "anataka aandike. Ndiyo au hapana."

Bi Mkubwa akavuta pumzi. Walimsikia akivuta, umbali ule wote.

"Mwambie aandike: nyumba ipo, na mama yao yupo. Wote wanakuja kwangu. Na huyo mtoto yuko wapi? Nionyesheni."

Nesi alikuwa amekwisha kumleta mlangoni, tayari kwa gari la kituo. Mfuaji akaigeuza simu. Bi Mkubwa akamtazama mjukuu wake.

"Mbona hawakumfunika masikio?" akauliza kwa ukali, kisha simu ikakatika, au aliikata.

Baadaye Baridi ndiye aliyemsimulia mkewe yaliyopita nyumbani. Teksi ilipoondoka Bi Mkubwa alitoka bafuni akaketi bila kula. Baridi alikuwa na ramani ya ndege kwenye simu, na mkwewe akaanza kumuuliza, mwanzoni kama kwa bahati, imefika wapi. Alipoonyeshwa alikasirika: mbona inarudi nyuma, huyo rubani hana akili? Ndege ya pili ilipochelewa, ni yeye aliyekuwa akimwamsha Baridi kuuliza. "Aliniuliza mpaka chaji ikaisha," Baridi akasema. "Nikamwambia, Bi Mkubwa, si ulisema mtoto haingii humu? Akanitazama kama mimi ndiye niliyesema."

*

Kitinda alifumbua macho siku ya tano baada ya dada yake kufika. Alikuwa amekonda hadi mashavu yameingia, na nywele zake zilikuwa zimeshikamana kama katani. Msusi alikuwa akizichambua kwa vidole, fundo kwa fundo, mtoto amelala kifuani kwake ndani ya kitambaa.

"Naota," Kitinda akasema.

"Huoti. Ungekuwa unaota nisingenuka hivi."

Kitinda akamtazama mtoto, akageuza uso ukutani. Machozi yakampita puani. "Mama anajua?"

"Anajua."

"Amesemaje?"

"Amesema mengi. Mengine nitakwambia ukipata nguvu za kucheka." Akamgeuza taratibu, akamlaza mtoto ubavuni mwake, akauweka mkono wa Kitinda juu ya mgongo mdogo ule. Ulipokaa sawasawa, aliuondoa wa kwake. Haikuwa rahisi. Kifua chake kilibaki na joto la mtoto kwa muda, kisha likapoa.

Msusi alikaa katika chumba cha wafuaji, akilala kwenye godoro lililotandikwa kati ya vitanda viwili, akiwasuka wenzake Kitinda jioni baada ya zamu. Mchana alikuwa hospitali au kwa yule ofisa, ambaye alianza kumwona kama sehemu ya samani. Mkataba wa Kitinda ulimtaka mwajiri amrudishe kwao akiugua. Mwajiri alisema mimba si ugonjwa. Msusi akasema sumu ya damu ni nini, mapambo? Akaenda tena kesho yake, na kesho kutwa, akaketi kwenye ofisi ya hoteli kati ya wageni wenye masanduku ya magurudumu mpaka meneja akachoka kumwona. Walilipiwa nauli. Ndege ya moja kwa moja.

Masaa tisa, kama alivyosema dada wa tiketi. Wakala, wakalala, wakafika. Mtoto aliamka mara moja tu, akanyonya, akalala tena. Ila Kitinda hakulala. Kadiri ndege ilivyokaribia alizidi kunyamaza, na walipotua alishika mkono wa dada yake kama siku zile alipokuwa akipelekwa shule.

"Nipite nyuma yako," akasema.

"Pita mbele. Mimi nina mizigo."

Milango ya vioo ikafunguka. Baridi alikuwa pale, amevaa shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, na mbele yake Bi Mkubwa katika gauni lake la sherehe, mkoba mikononi. Kitinda alipomwona mama yake alisimama. Akamwinua mtoto mbele yake kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa fidia, au anayejikinga.

Bi Mkubwa alimtazama mtoto. Akakirekebisha kitambaa cha masikio. Kisha akausukuma ule mzigo mdogo taratibu, ukarudi kifuani kwa mwenyewe.

"Huyo ni wako, mshike mwenyewe," akasema. "Mimi nimekuja kumpokea wangu."

Akamvuta Kitinda pamoja na alichoshika, akamkumbatia pale pale mlangoni. Watu wenye mikokoteni ya mizigo wakaanza kulalamika kwamba wanaziba njia. Baridi akawaomba radhi kwa niaba ya familia nzima. Msusi alikuwa amesimama kando na masanduku, ndipo mkono mmoja wa Bi Mkubwa ukatoka kwenye lile kumbatio, ukamtafuta nyuma nyuma bila kutazama, ukamshika blauzi, ukamvuta na yeye.